Mzee hakuangushwa na maji ya kichwani

Ndugu Mhariri,

Kuna ujumbe ambao kila baada ya miezi michache hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Unasema wazee hupata kiharusi bafuni kwa sababu wanaanza kujimwagia maji kichwani, na kwamba dawa ni kuanza na miguu, kisha magoti, halafu mabega. Anayeutuma ana nia njema. Lakini ujumbe wenyewe umekosea, na kosa lake ni ghali, maana familia inayoamini kwamba mkosaji ni maji ya kichwani haikagui sakafu, haitafuti pa kushika, wala haisomi karatasi ya dawa. Kiharusi kinaweza kumkuta mtu bafuni kama kinavyomkuta kitandani au shambani, na mpangilio wa kuoga hauhusiki. Wengi tunaosema "walianguka na presha" waliteleza, walijikwaa, au presha yao ilishuka waliposimama. Ilishuka, tena mara nyingine baada ya kumeza dawa ya kuishusha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa wengi zaidi. Sisi tunaofanya kazi ya mazoezi tiba tungependa wasomaji wako wafahamu kinachofanyika ndani ya nyumba kabla mzee hajaletwa hospitali akiwa amebebwa kwenye kanga, na namna ya kukizuia kwa gharama ya fundi wa siku moja.

Tuanze na choo cha kuchuchumaa, maana ndicho kilichoko kwenye nyumba nyingi. Mtu akichuchumaa dakika tano au kumi na kujikamua huku amebana pumzi, damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Akiinuka kwa mkupuo, damu hushukia miguuni. Mwili wa kijana hujirekebisha ndani ya sekunde chache. Mwili wa mzee, hasa anayemeza dawa za presha zile za kukojoza, unachelewa. Macho yanaona giza, kichwa kinakuwa chepesi, mkono unatafuta pa kushika na kukuta ndoo, kitasa cha mlango au bomba la plastiki la maji. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobeba kilo 70.

Kinachotakiwa ni bomba la chuma la inchi moja, lile la GI wanalotumia mafundi wa maji. Kwa nje lina unene wa milimita 33 hivi, na kiganja cha mzee kinalizunguka vizuri. La inchi mbili ni nene mno, vidole havifungi. Likae umbali wa sentimita nne kutoka ukutani, si zaidi: nafasi ikiwa kubwa mkono unapenya kati ya bomba na ukuta, na mtu akianguka hapo unavunjika yeye akiwa bado ananing'inia.

Urefu wa kulifunga usiuchukue kwa kukisia, wala usimwachie fundi. Mpime mwenyewe atakayelitumia. Choo kikiwa kikavu, mzee avae nguo na viatu vyake, achuchumae huku mtu amemshika, anyooshe mkono mbele bila kuinama. Weka alama ya chaki ukutani. Kisha asimame wima, anyooshe mkono usawa wa tumbo, weka alama ya pili. Bomba la wima liende kutoka chini kidogo ya alama ya kwanza hadi juu kidogo ya ya pili, ili apande nalo kwa kubadilisha mikono. Ukuta wa mbele ukiwa mbali hata asiufikie bila kuinama, bomba lifungwe ukuta wa ubavuni, upande wa mkono wenye nguvu.

Sasa ukutani, ambako kazi nyingi huharibika. Tofali za saruji za mtaani mara nyingi zina mchanga mwingi kuliko saruji. Plagi za plastiki na skrubu fupi zinashika plasta tu. Bomba linaonekana imara siku ya kwanza, linapakwa rangi, kila mtu anafurahi. Siku linapovutwa kwa uzito wa mwili linatoka na donge la plasta. Bomba la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu mzee ameshaliamini. Fundi atoboe tundu la kina cha sentimita 10. Ncha ya bomba inayoingia ukutani ichomelewe kipande cha nondo cha kukingama ili isichomoke. Tundu lilowanishwe, lijazwe saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, limwagiwe maji asubuhi na jioni, na bomba lisiguswe kwa siku saba. Ukuta mwembamba wa tofali la inchi tano utobolewe hadi upande wa pili, bomba lifungwe huko na bamba la chuma. Mwishoni mtu mzito kuliko mzee ajining'inize kwa nguvu zote. Likitikisika, kazi irudiwe.

Kwa mzee asiyeweza tena kuchuchumaa, familia nyingi hukata tundu kwenye kiti cha plastiki. Tunaomba jambo hili liachwe. Miguu ya kiti hicho inatanuka kwenye sakafu yenye maji, na tundu limeshaondoa sehemu iliyokuwa ikiishikilia, kwa hiyo kiti kinafunguka kama mwavuli. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, miguu minne iliyotanuka kidogo kuelekea nje, kila mguu umevalishwa kipande cha mpira wa tairi chini, na mikono ya kuegemea. Kimo cha kiti: pima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti la mzee, ongeza sentimita tatu hadi tano. Kiti kifupi kinamlazimu kujirusha ili ainuke.

Kuhusu sakafu tutasema jambo ambalo halitawapendeza watoto waliowajengea wazazi. Marumaru zinazong'aa ni zawadi ya heshima, na sebule hupendeza kweli. Bafuni, zikishika maji na sabuni, hazina tofauti na kukanyaga ganda la ndizi. Mbaya zaidi ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ukutani, ambazo mafundi wengine huzimalizia sakafuni kwa sababu zimebaki. Kabla ya kununua, omba kipande kimoja dukani, kimwagie maji, pitisha sabuni, kisha kisugue kwa kisigino. Kikiteleza hapo, kitateleza na kwa mama. Chagua zenye uso wa kukwaruza, na ndogo kuliko kubwa, kwa sababu mistari mingi ya saruji kati yake huushika mguu. Anayemwaga saruji tupu apitishe ufagio juu yake kabla haijakauka na asiilainishe hadi ing'ae. Sakafu ishuke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Ikiwa bapa, dimbwi litabaki hadi kesho, na baada ya wiki chache kuna ule utelezi wa kijani ambao haukwanguki kwa maji matupu.

Zilizokwisha kuwekwa si lazima zibomolewe. Zipo tepu za kunata zenye uso kama msasa, zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Sakafu isafishwe mafuta na sabuni, ikauke kabisa, tepu zibandikwe zikiachana sentimita 10. Huanza kubanduka pembeni baada ya miezi kadhaa, na tepu iliyobanduka nusu ni mtego mpya, hivyo zikaguliwe kila mwezi. Ndoo isikae chini: ikae juu ya kijukwaa cha zege au benchi imara usawa wa magoti, tena ijazwe lita 10 tu. Ndoo kamili ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na hakuna sababu ya mtu wa miaka 75 kuinama na kuivuta. Sabuni ya kipande itiwe kwenye wavu wa vitunguu na ifungwe kwenye bomba la ukutani, isije ikaanguka akaifuata.

Na miguuni? Ndala iliyolika kisigino haifai kitu kwenye maji. Yeboyebo, ambazo watu huzicheka, ni bora mara mbili kama zina mkanda wa nyuma na soli yenye mistari. Mistari ikiisha, zitupwe. Wanaotawadha alfajiri wakaushe nyayo kabla ya kukanyaga marumaru za ukumbini, na soksi bila kiatu zisivaliwe ndani kabisa.

Usiku una mitego yake, na mingi iko hatua tatu za kwanza kutoka kitandani. Bibi anaamka saa nane kwenda kukojoa, umeme hakuna. Chandarua kimechomekwa chini ya godoro pande zote, kama alivyofundishwa. Anachomoa sehemu ndogo, anatoa mguu wa kulia, anasimama. Wa kushoto bado uko ndani ya chandarua. Akipona hapo, kanga imejisokota miguuni, ndala moja iko chini ya kitanda, na mlangoni kuna kitambaa cha kufutia miguu kilichowekwa juu ya sakafu laini bila mpira chini. Kila kimoja kina dawa yake. Chagua upande mmoja wa kutokea, ushonee kitambaa cha rangi kali kwenye pindo la chandarua hapo, na mazoea yawe kulirusha pindo lote juu ya kamba kabla mguu haujagusa chini. Kanga ya kulalia ishonwe iwe gauni linaloishia juu ya vifundo. Kitambaa cha mlangoni kiondolewe, kisibadilishwe. Tochi au taa ndogo ya sola ifungwe kwa kamba kwenye nguzo ya kitanda, upande uleule wa kutokea, si mezani ng'ambo ya chumba. Kopo lenye mdomo mpana na kifuniko likae karibu, na hilo si jambo la aibu.

Kitanda chenyewe: akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu bapa. Vitanda virefu vya siku hizi vyenye godoro nene huwaacha bibi zetu wakining'iniza miguu kama watoto. Kata miguu ya kitanda, hakuna njia nyingine nzuri. Kisha, kabla ya kusimama, akae dakika nzima huku akiinua na kushusha visigino mara kumi. Misuli ya mashavu ya miguu husukuma damu kurudi juu.

Hapa tunafika kwenye presha. Kliniki nyingi humpima mzee akiwa amekaa, zinaandika namba, basi. Kipimo kinachoonyesha hatari ya kuanguka ni kingine: alale dakika tano, apimwe, asimame, apimwe baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaporomoka anaposimama, na daktari anapaswa kuzipitia dawa upya. Mashine ya nyumbani inatosha kwa kazi hiyo. Tunazisihi hospitali zetu zifanye kipimo hiki kuwa cha kawaida kwenye dirisha la wazee. Dirisha lina maana zaidi likiwa na kitu cha ziada kuliko foleni fupi.

Dawa nyingine za kuulizia ni diazepamu na za usingizi zinazofanana nayo, amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva), vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, na glibenklamidi ya kisukari, ambayo hukaa mwilini muda mrefu na kuishusha sukari mno kwa mzee aliyekula kidogo au aliyefunga. Ya kukojoza ikimezwa jioni itamwamsha usiku kucha. Daktari anaweza kuihamishia asubuhi. Lakini asiziache mwenyewe. Diazepamu iliyomezwa kwa muda mrefu ikiachwa ghafla inaweza kuleta degedege. Zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na za duka la jirani, zipelekwe kwa daktari zikiwa hivyo hivyo.

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mdogo. Mwenye kisukari apimwe ganzi nyumbani: afumbe macho, umguse kwa wepesi ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, bila kubonyeza. Asipohisi viwili au zaidi kati ya sita, nyayo zake hazimwambii tena anakanyaga nini, na huyo asitembee gizani.

Nje ya nyumba kuna kitu kimoja ambacho ramani hazikisemi: ule mlango mdogo ndani ya geti la chuma. Chini una bomba la kuvuka, sentimita 15 au 20 kutoka ardhini, na juu ni mfupi hivyo mtu anainama. Mzee anainua mguu na kuinamisha kichwa kwa wakati mmoja, macho hayaoni mguu ulipo. Bomba hilo lisikatwe ovyo, maana ndilo linaloshikilia geti lisilegee. Afadhali mchomeleaji aweke vishikio viwili vya wima kwenye fremu, ndani na nje, usawa wa kifua, na bomba la kuvuka lipakwe rangi ya njano. Au kama kuna mtu nyumbani, mfungulie geti kubwa. Ngazi za barazani nazo: kila kidato kiwe na kimo sawa na mwenzake. Kidato kimoja kilichozidi kwa sentimita mbili kinatosha kuukwaza mguu uliokwisha kuzoea vingine.

Fimbo nayo hutumiwa vibaya na wengi. Ishikwe upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu huo wa kulia. Urefu: mzee asimame na viatu, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Bakora nzuri ya urithi isiyo na mpira chini inateleza kwenye marumaru kama barafu. Mpira huo ukilika upande mmoja, badilisha.

Kuna kitu hakuna fundi atakayekijenga, nacho ni nguvu ya mapaja. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya majaribio 108 ulionyesha kwamba mazoezi kwa ujumla hupunguza maanguko kwa asilimia 23. Ajaribiwe hivi: akae kwenye kiti, ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Kisha asimame, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, karibu na ukuta. Asipoweza sekunde 10, vilevile. Mazoezi ni siku tatu kwa wiki au zaidi, ameshika nondo za dirisha: kuinuka kitini bila kutumia mikono mara 10, kusimama kwa vidole mara 10, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 kila upande, kutembea kisigino kwa vidole akifuata ukuta. Akizoea, apunguze kushika: mikono miwili, kisha mmoja, kisha kidole. Tunajua malezi yetu yanasema mzee atulie, aletewe. Lakini mzee anayeletewa kila kitu mikekani, kuanzia maji hadi rimoti, anapoteza mapaja ndani ya miezi michache, na siku nyumba ikibaki tupu atainuka tu.

Akianguka, msimwinue kwa makwapa. Mwacheni apumue, muulize anaumwa wapi. Kama nyonga inauma, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, chukulieni kwamba amevunjika. Hapo hakuna kuvuta wala kuchua. Anayechua mfupa uliovunjika anasogeza ncha zake ndani ya nyama. Wekeni mto kati ya miguu, ifungeni pamoja kwa kanga mbili, moja juu na moja chini ya magoti, mbebeni na godoro lake, hospitali siku hiyo hiyo. Wiki mbili za kumwuguza kitandani "apoe kwanza" huleta vidonda vya mgongo, kichomi na damu kuganda miguuni, na hayo ndiyo yanayoua.

Asiye na jeraha afundishwe kujiinua: ageuke ubavu, apande kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu yake, alete mguu wenye nguvu mbele, asukume, ageuze makalio akae. Afanye zoezi hili juu ya mkeka siku ambayo hajaanguka, mtu akiwa kando yake.

Akigonga kichwa, msiridhike kwa sababu asubuhi amekunywa chai vizuri. Ubongo wa mzee hupungua ukubwa, mishipa midogo inayouzunguka hubaki imevutika, na ikichanika huvuja polepole kwa siku au wiki, zaidi kwa anayemeza aspirini au wafarini, dawa zinazozuia damu kuganda. Kichwa kuuma, usingizi mwingi, maneno kuchanganyika, mkono kulegea au kutembea akielemea upande mmoja, hata baada ya wiki sita, vinataka picha ya kichwa kabla ya mtu yeyote kusema ni uzee au ametupiwa kitu. Kwa hiyo tarehe aliyoanguka iandikwe siku hiyo hiyo kwenye jalada la daftari lake la kliniki. Daktari atakapouliza, nyumbani kila mtu atakuwa ameshaisahau.

Wataalamu wa mazoezi tiba,
Tanga